Kabla hujafungua madai, amua unataka nini

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa masjala ya mahakama, kwenye lile dirisha ambalo watu hupitishia hati zao za madai zigongwe muhuri. Siku hizi nawaandikia watu barua za madai na kukaa katikati ya waliogombana: mnunuzi na muuzaji, fundi na mteja, mwenye mzigo na msafirishaji. Mtu akishaketi na kufungua bahasha yake, namuuliza kwanza anataka nini. Karibu wote hujibu, "Nataka haki yangu."

Jibu hilo halina pa kuandikwa. Hakimu hawezi kuamuru kwamba mdai apewe haki yake. Ataamuru mdaiwa arudishe kiasi fulani, au akabidhi kitu fulani, au aache kufanya jambo fulani. Kwa hiyo kazi yetu inaanzia mwishoni: tunaandika kwanza ile sentensi ambayo ungependa kuisikia ikisomwa kwenye hukumu, halafu tunarudi nyuma kutafuta kinachoitegemeza.

Nafuu zenyewe, yaani mambo unayoweza kupewa kisheria, si nyingi. Kitu kikiwa kibovu, au kisifanane na kilichoahidiwa, sheria za nchi nyingi zinazunguka njia tano: kitengenezwe, kibadilishwe, upunguziwe bei ubaki nacho, ukirudishe upewe fedha zako, au ulipwe fidia ya hasara uliyopata. Fidia inaweza kuambatana na nyingine, lakini huwezi kubaki na kitu na wakati huohuo ukadai fedha zote ulizokilipia. Barua inayodai vyote kwa pamoja humfanya muuzaji atabasamu, maana anajua mwandishi wake hajaamua.

Utaratibu wa kufuata unatofautiana, na hapa ndipo pa kusoma sheria ya nchi yako mapema. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2019 kuhusu uuzaji wa bidhaa, muuzaji anawajibika kwa kasoro inayojitokeza ndani ya angalau miaka 2 tangu akabidhi bidhaa, ila mnunuzi kwa kawaida huanza kwa kutaka matengenezo au kubadilishiwa. Yakishindikana au yakichelewa mno ndipo anadai punguzo au kuvunja mkataba. Uingereza, kwa sheria yao ya haki za walaji ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za mwanzo za kukataa kitu kibovu na kurudishiwa fedha zote. Siku hizo zikipita, muuzaji anapata nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha kabla mnunuzi hajadai fedha. Australia wao wanapima uzito wa kasoro: ikiwa kubwa, mnunuzi ndiye anayechagua kati ya kurudishiwa fedha na kubadilishiwa. Ukidai fedha mahali ambapo sheria inampa muuzaji nafasi ya kutengeneza kwanza, unampa jibu la bure.

Na lile bango la "mali ikiuzwa hairudishwi"? Lina nguvu kwa mtu aliyebadili mawazo tu, aliyefika nyumbani akaona rangi haimpendezi. Kwa bidhaa yenye kasoro, sheria nyingi za kulinda walaji haziliruhusu bango limnyang'anye mnunuzi haki aliyopewa na sheria. Usibishane na bango. Lipige picha, ulitaje kwenye barua, endelea.

Kununua kwa mbali ni habari nyingine. Ndani ya Umoja wa Ulaya aliyenunua kwenye intaneti ana siku 14 tangu apokee bidhaa za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na muuzaji asipomjulisha haki hiyo muda unaweza kurefuka kwa miezi 12. Vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mteja havimo, wala vinavyoharibika upesi.

Nani hasa wa kumdai

Aliyechukua fedha zako ndiye mdaiwa wako. Muuzaji akikuambia "hilo ni suala la kiwanda, piga namba iliyoko kwenye boksi", anakutoa njiani. Waranti ya kiwanda ni nyongeza. Kwa kawaida haimwondolei muuzaji wajibu wake chini ya mkataba mliofanya naye. Unaweza kuitumia kama ni njia ya haraka zaidi, nami mara nyingi nashauri hivyo kwa vitu vya umeme, lakini mwandikie muuzaji siku hiyohiyo kwamba hujaacha madai yako dhidi yake.

Kuna wakati mtengenezaji naye hudaiwa moja kwa moja. Agosti 1928, huko Paisley, Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kwenye chupa isiyoonyesha ndani. Alidai kwamba mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka humo, akaugua. Yeye hakununua kitu, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza, watatu kwa wawili, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, awe amenunua au hakununua. Cha kuchekesha ni kwamba konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa. Shauri liliisha kwa maelewano kabla ushahidi haujasikilizwa. Kwa hiyo bidhaa ikikujeruhi, iwe ulipewa zawadi au ulikuwa mgeni tu, angalia pia jina la kiwanda. Kama haijamuumiza mtu wala kuharibu mali nyingine, imekufa tu, rudi kwa muuzaji.

Halafu hakikisha jina. Hili limevunja kesi nyingi kuliko ukosefu wa haki. Jina lililo kwenye kibao cha duka mara nyingi si jina lililosajiliwa. Nyuma yake kuna kampuni yenye jina jingine kabisa, au mtu binafsi. Nimepokea dirishani hati nzuri sana, zimepangwa na kuambatanishwa vizuri, zikimshtaki mtu asiyekuwepo. Tazama risiti, mkataba, na daftari la serikali la usajili wa kampuni na majina ya biashara. Kama ulilipa kwa simu au benki, angalia jina lililotokea ulipothibitisha malipo. Yakitofautiana, yaandike yote kwenye barua uone ni nani atakayejibu.

Ushahidi unakusanywa siku ya kwanza

Chukua kitu chenyewe, kiweke mezani na risiti kando yake, piga picha moja inayoonyesha vyote. Piga nyingine ya karibu kwenye kibandiko cha namba ya mashine, mpaka tarakimu zisomeke. Rekodi video ya kasoro ikitokea: mlio, taa inayowaka na kuzima, mlango usiofunga. Usimwite fundi wa mtaani akifungue kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kukiona, maana skrubu moja iliyochubuka inatosha kumpa neno la "mmekichezea wenyewe". Kama ni hatari kukiacha kilivyo, kizime, kichomoe, na uandike kwamba umefanya hivyo na saa ngapi.

Mazungumzo ya simu yageuze kuwa maandishi. Ukimaliza kuongea, tuma ujumbe mfupi: "Kama tulivyoongea asubuhi hii, umesema fundi wenu atakuja Jumatano." Asipokanusha, una kitu mkononi. Skrinshoti ionyeshe jina au namba ya mtumaji na tarehe, si maneno peke yake, na mazungumzo yenyewe usiyafute hata ukishayachapisha. Hifadhi na tangazo lililokuvuta ununue. Tangazo si maneno ya upepo sikuzote. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya London ilitangaza kumlipa pauni 100 mtu atakayeugua mafua baada ya kutumia kifaa chake kama ilivyoelekezwa, ikasema na fedha imeweka benki kuonyesha haina mzaha. Bi Carlill alikitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba yalikuwa maneno ya kibiashara tu. Mwaka 1892 mahakama ya rufaa ikasema hapana, ilipe. Zile fedha zilizowekwa benki ndizo zilizoisaliti. Kadiri ahadi inavyokuwa na tarakimu na masharti yanayopimika, ndivyo inavyokaribia kuwa mkataba. "Bora kuliko zote duniani" haitakusaidia.

Mwisho, andika karatasi moja ya matukio kwa tarehe. Ukurasa mmoja tu, bila hasira. Hiyo ndiyo atakayoisoma msuluhishi wakati wewe bado unatafuta miwani.

Barua ya madai

Huu ndio moyo wa shughuli nzima. Migogoro mingi niliyoishika iliishia hapa, kwa sababu barua iliyoandikwa vizuri inamwonyesha muuzaji jinsi kesi itakavyokuwa. Huu hapa mfano wa mtu aliyeuziwa cherehani ya umeme:

"Tarehe 3 Machi nilinunua kwenu cherehani ambayo namba yake imo kwenye risiti niliyoambatanisha. Tarehe 11 Machi mota ilizima nikiwa nashona na haijawaka tena. Sijaifungua wala kumpa fundi yeyote. Tarehe 12 Machi niliileta dukani, mkaniambia niirudishe nyumbani nisubiri simu. Hadi leo sijapigiwa. Cherehani inayozima ndani ya siku nane haifai kwa kazi iliyonunuliwa kufanya. Nataka mnibadilishie kwa nyingine ya aina hiyohiyo, na kama haipo mnirudishie fedha zote nilizolipa, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Cherehani iko kwangu na mnaweza kuja kuikagua siku yoyote ya kazi. Muda huo ukipita, nitafungua madai katika mahakama ya madai madogo bila kuwaandikia tena."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna "matapeli", hakuna "mmenidhalilisha", hakuna Mungu anawaona. Barua hii inaweza siku moja kusomwa na hakimu, na mwandishi wake ataonekana mtu mtulivu aliyepuuzwa. Sentensi ya kumkaribisha muuzaji kukagua ina kazi kubwa kuliko unavyodhani: asipokuja, kisingizio chake kikuu kimekufa. Mfano huu una ombi la kwanza na la akiba, basi. Siku 14 ni muda unaokubalika sehemu nyingi kwa jambo jepesi. Siku mbili zitakufanya uonekane huna nia ya kusikilizwa.

Usitishie polisi ili ulipwe. Kama kuna jinai, ripoti jinai. Kuitumia kama fimbo ya kukusanyia deni kunaweza kukugeuza wewe kuwa mtuhumiwa. Usitishie pia kumwanika mtandaoni. Ukweli unaoweza kuuthibitisha unaweza kuusema, lakini "nilipe nisikuanike" ni sentensi mbaya mbele ya hakimu yeyote.

Barua ipelekwe kwa njia inayoacha alama. Peleka nakala mbili kwa mkono, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa posta ya rejista na kwa barua pepe, ukumbuke kuandika jina la aliyekataa.

Usiikalie barua yenyewe. Kila dai lina ukomo wa muda. Kwa madai ya kawaida ya mkataba, England na Wales wanatoa miaka 6. Ujerumani muda wa kawaida ni miaka 3, unaohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ambao dai lilizaliwa na mdai akajua. Mazungumzo ya kupatana husimamisha saa hiyo Ujerumani, ilhali England peke yake hayaisimamishi. Mtu anayekwambia kila mwezi "tuko kwenye mchakato" anaweza kuwa anahesabu siku.

Kama ulilipa kwa kadi, kuna mlango wa pembeni ambao watu huusahau: benki iliyokupa kadi inaweza kuupinga muamala kwa niaba yako pale bidhaa isipofika au ikija nyingine. Muda wake ni mfupi, mara nyingi siku 120, na watataka kuona kwamba ulijaribu kwanza kumalizana na muuzaji. Ile barua inafanya kazi tena.

Fidia na hasara zako

Hapa ndipo watu wanapopandisha tarakimu hewani. Fidia ya mkataba inakusudia kukuweka pale ambapo ungekuwa mkataba ungetimizwa, na hasara inayolipwa ni ile ambayo mwenzako angeweza kuiona mbele mlipofunga mkataba. Mwaka 1854 mahakama ya England iliamua shauri la wenye kinu cha Gloucester, akina Hadley. Shafti ya mtambo wao wa mvuke ilivunjika, wakampa msafirishaji aipeleke Greenwich ikawe kielelezo cha kutengenezea mpya. Msafirishaji akachelewa, kinu kikalala siku kadhaa. Walidai faida waliyokosa, wakaikosa tena mahakamani, kwa sababu msafirishaji hakuambiwa mambo yanayoonyesha kwamba kuchelewa kwake ndiko kungefunga kinu. Kwa kawaida mwenye kinu angeweza kuwa na shafti ya akiba.

Kanuni hiyo imesambaa mbali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu uuzaji wa bidhaa kimataifa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980, nao unapima fidia kwa kile kilichoweza kutazamiwa. Kwa hiyo dawa yake ni ya kabla ya ununuzi: mwandikie muuzaji, "Mashine hii ni ya kazi, nina oda ya kukabidhi tarehe fulani, ikichelewa nitalipa wengine." Sentensi hiyo moja kwenye ujumbe wa kuagiza ina thamani kuliko kurasa za wakili baadaye.

Na usikae ukiangalia hasara inakua. Sheria inataka uchukue hatua za busara kuipunguza. Ukiweza kukodi cherehani nyingine kwa gharama ya kawaida, kodi, tunza risiti ya kukodi, idai. Ukiacha kazi ilale miezi mitatu ili dai liwe nono, mtapunguziwa wewe na dai lako. Uchungu wa moyo, kwa kawaida, haulipwi kwenye mikataba ya biashara.

Wafanyabiashara kwa wafanyabiashara

Ukinunua kwa ajili ya biashara, ulinzi mwingi wa mlaji unaweza usikuhusu, na mkataba wenyewe ndio sheria yako. Ule mkataba wa Vienna, ulioanza kutumika Januari 1988, unahusu biashara za nchi tofauti zilizoukubali na hauhusu kitu cha matumizi binafsi. Unamtaka mnunuzi akague mzigo mapema na kutaja kasoro ndani ya muda wa busara, na asipofanya hivyo kabla miaka 2 haijapita tangu akabidhiwe, kwa kawaida amepoteza. Unampa pia silaha nzuri, ambayo naipenda hata nje ya mkataba huo: mzigo ukichelewa, mpe muuzaji kwa maandishi muda wa nyongeza wenye tarehe. Ukipita bila mzigo, unaruhusiwa kuvunja mkataba bila ubishi wa kama ucheleweshaji ulikuwa mkubwa au mdogo.

Soma kifungu cha migogoro kabla ya kusaini, hata kama vingine unavipitia juujuu. Kama kinasema usuluhishi badala ya mahakama, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi binafsi badala ya hakimu, kesi yako ya mahakamani huenda ikasimamishwa. Si lazima iwe habari mbaya: kwa Mkataba wa New York wa 1958, tuzo ya msuluhishi, yaani uamuzi wake, inaweza kutekelezwa katika nchi zaidi ya 170, wakati hukumu ya mahakama ya kwenu inaweza isisogee hatua moja nje ya mpaka. Ila angalia usuluhishi unafanyika wapi na kwa gharama ya nani. Dai dogo haliwezi kubeba msuluhishi wa ng'ambo.

Mkikubaliana

Mengi huishia mezani, na mimi nasema heri. Mazungumzo yaandikwe juu kwamba ni "bila kuathiri haki", ili unachokubali kwa ajili ya amani kisije kusomwa kama ungamo. Kabla ya kupokea kiasi chochote angalia maneno yanayokuja nacho: "malipo kamili na ya mwisho" kwenye hundi au ujumbe yanaweza kuzika kilichobaki. Kama ni nusu tu, jibu kwa maandishi siku hiyohiyo kwamba unaipokea kama sehemu ya deni.

Uliza pia, mapema kabisa, kama mtu huyu ana kitu. Hukumu dhidi ya kampuni tupu ni karatasi, na kuikaza, yaani kulazimisha itekelezwe, ni kazi nyingine yenye ada zake. Mara nyingi nimemshauri mteja achukue mashine nyingine leo kuliko ahadi ya fedha zote mwezi ujao.

Akitaka kulipa kwa awamu, hati ya makubaliano itaje kiasi cha kila awamu, tarehe, namba ya akaunti, na sentensi hii ambayo wengi huisahau: awamu moja ikipita siku saba bila kulipwa, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Bila hiyo, mdaiwa akikwama mwezi wa pili unaweza kujikuta unadai awamu iliyopita peke yake, nyingine ukizisubiri zifike tarehe zake.